Kati ya Milango Miwili

ALHAMISI, ALASIRI

Chumba cha nyuma ya gereji kilinuka thina na jasho. Watu wanne, meza moja, dirisha limezibwa kwa boksi. Juu ya meza hapakuwa na ramani wala bunduki. Palikuwa na visanduku viwili vya kijivu, kila kimoja na taa yake ya kijani, na kati yao waya mwembamba uliosokotwa.

“Hiki ni mlango wa ndani,” Fundi alisema, akigusa kisanduku cha kushoto kwa ncha ya bisibisi. “Hiki ni mlango wa nje. Vinaitwa vidhibiti. Kila kimoja kinaendesha mlango wake.”

Alikuwa mwanamke mwembamba, nywele amezifunga kwa kitambaa cheusi ambacho hajakivua tangu amzike mumewe. Umeme wa viwandani ndiyo kazi iliyomlisha maisha yake yote. Kundi zima lilimwita Fundi. Ni Chuma peke yake aliyemwita dada, kwa sababu walizaliwa tumbo moja.

Chuma alisimama ukutani, mikono kifuani. Ndiye mwenye mpango. “Waeleze vizuri,” alisema. “Kesho sitaki mtu anayeuliza maswali.”

“Kile kiwanda kinasafisha dhahabu. Upande mmoja kuna tanuru. Upande wa pili kuna ua wa kupakia magari. Katikati kuna chumba chenye milango miwili, wa ndani na wa nje. Kila Ijumaa dhahabu inaingizwa humo asubuhi, inasubiri gari la deraya la alasiri. Mlango mmoja haufunguki mpaka mwingine uwe umefungwa. Vidhibiti vinajuaje? Vinaulizana kupitia huu waya. Cha ndani kinauliza, umefungwa? Cha nje kinajibu, nimefungwa. Mchana kutwa, usiku kucha.”

“Kama mke wangu na simu yake,” alisema Taratibu. Ndiye dereva. Jina alipewa kwa kejeli, maana hajawahi kuendesha gari taratibu hata siku ya harusi yake.

“Na kimoja kikikosa jibu?” aliuliza Mlinzi.

Fundi alichomoa waya. Taa zote mbili zikageuka nyekundu papo hapo.

“Kila kimoja kinamdhania mwenzake amekufa. Milango yote miwili inajifunga, king’ora kinalia. Haifunguki tena mpaka vianze kuongea.” Aliurudisha waya. Kijani. “Kwa hiyo mimi nitakaa katikati, juu ya dari, waya unapopita. Nitavitenganisha bila vyenyewe kujua. Cha ndani kikiuliza, nitajibu mimi: nimefungwa, hakuna neno. Cha nje nitakidanganya: mwenzako amefungwa, mkuu wa zamu amegeuza ufunguo, fungua. Kwenye skrini ya walinzi kila kitu kitakuwa shwari.”

Taratibu alipiga mluzi. “Unavidanganya vyote viwili.”

“Vyote viwili.”

Mlinzi alikuwa akiviangalia visanduku kama mtu anayeangalia nyoka aliye ndani ya chupa. Alikuwa mlinzi kweli, wa kiwanda kilekile, upande wa tanuru. Pia alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Fundi, na mtoto pekee aliyebakia kwa mama yao. Mchongo ulimhitaji yeye, maana ndiye atakayewapokea getini kama mafundi wa viyoyozi na kubeba mzigo pamoja na Chuma.

“Shemeji,” Fundi alimwambia, “ukiogopa, sema leo.”

“Siogopi, shemeji.” Lakini alikuwa akipangusa viganja kwenye suruali.

Fundi mwenyewe hakuingia humo kwa tamaa. Milango ile waliiweka yeye na mumewe, na waya ule waliuvuta wao, mmoja juu ya ngazi, mmoja chini. Miaka miwili baadaye mumewe aliingia chini ya winchi kuitengeneza. Mtu aliyekuwa na haraka ya uzalishaji akaunganisha waya wa usalama mahali usipopaswa. Winchi ikashuka. Uongozi ulisema marehemu alikuwa amelewa. Mwanamume ambaye maisha yake yote hakuonja hata tone! Fundi alikwenda ofisi hii, akaenda ile, akaambiwa kuna shahidi, kesi imefungwa, aende nyumbani. Akaenda nyumbani. Akakaa na mama mkwe wake, wakilimeza neno lile moja kila siku kama mwiba. Mlevi.

Ndipo Chuma alipokuja. “Dada,” alisema, “wamemzika mara mbili. Tukiwaingilia, hatuibi. Tunawajibu.”

Naye akaamini, kwa kuwa Chuma ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Wenzao walipotoka, Chuma alimshika kiwiko karibu na sinki.

“Kesho nikikwambia kata, ukate.”

“Nikate nini?”

“Huo waya.”

“Kwa nini? Tukimaliza naunganisha kama ulivyokuwa, nateremka, tunatoka sote. Mpaka gari la deraya lifike, sisi tumeshafika mbali.”

“Ni kwa dharura tu. Nikisema kata, usiniulize. Sawa?”

Alimwangalia kaka yake usoni. Uso uleule wa siku zote.

“Sawa, kaka.”

IJUMAA, KARIBU NA ADHUHURI

Gari la viyoyozi lilipita getini bila shida. Mlinzi aliwapokea kwa sauti ya kikazi, akawaandikisha majina ya uongo, akawasindikiza mpaka kwenye korido iliyo nyuma ya tanuru. Taratibu akalizungusha gari hadi ua wa kupakia, akalirudisha kinyumenyume karibu na mlango wa nje, akafungua boneti akijifanya anachungulia maji. Kila Ijumaa saa ya chakula, ua ule ulibaki na paka tu.

Chuma na Mlinzi wakazunguka kwenda uani; Fundi alipanda ngazi, akasukuma kigae cha dari, akaingia.

Juu kulikuwa na joto la kuoka mkate. Alitambaa kwa viwiko, tochi mdomoni, vumbi la miaka likimwingia puani. Chini yake alisikia vyombo vya kantini vikigongana na watu wakicheka. Akafika. Waya ulikuwa palepale, umefungwa kwenye boriti ya chuma kwa vibano vya plastiki, na juu yake utepe mweupe ulioandikwa kwa mkono wa mumewe. A. B. Ile B yake iliyolala kama imechoka.

Hakujiruhusu kuiangalia mara mbili.

Alichuna ganda la waya kidogo bila kuukata, akabana vishikio vyake, akafungua kompyuta mpakato. Kwanza kusikiliza. Huwezi kuwadanganya watu ambao hujasikia wanavyozungumza.

Skrini ilijaa takataka. Alama zisizosomeka, mfululizo, kama mtu anayeongea na maji mdomoni.

Redio ikakwaruza. “Vipi?” Ni Chuma.

“Bado.”

“Bado nini?”

“Siwaelewi. Subiri.”

Akageuza vishikio, A kwa B, labda kuna mtu aliyebadilisha. Takataka zaidi. Akavirudisha. Fikiri. Waya ni uleule. Mpangilio ni uleule. Kilichobaki ni kasi. Visanduku hivi vinaongea kwa kasi waliyokubaliana, na msikilizaji asiye na kasi hiyo husikia kelele tu. Yeye na mumewe waliviacha kwenye kasi ndogo. Kuna aliyekuja baadaye akaiongeza. Alipandisha hatua moja. Takataka. Akapandisha nyingine.

Skrini ikatulia. Safu moja safi, kisha nyingine chini yake. Swali. Jibu. Swali. Jibu.

“Nawasikia,” alinong’ona.

“Basi tuingie.”

Sehemu iliyofuata ilitaka mkono usiotetemeka. Kati ya jibu na swali linalofuata kuna pumzi moja ya kimya. Humo ndimo alipaswa kuwaachanisha na kujiweka yeye. Koleo mkono wa kulia, swichi yake ndogo mkono wa kushoto. Alihesabu mapigo kwa kichwa, kama anayesubiri kuruka kamba. Akabonyeza.

Hakuna king’ora. Kidhibiti cha ndani kikauliza, umefungwa? Kompyuta ya Fundi ikajibu, nimefungwa. Kikaridhika. Hakikujua kwamba aliyekijibu si mwenzake.

Akaandika amri ya pili, akaituma upande wa nje.

Chini yake, upande wa kulia, mlango mzito ulinguruma na kupanda.

“Umefunguka,” alisema Chuma, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa na kicheko.

SAA YA CHAKULA

Magurudumu ya toroli yalipita chini ya dari. Yakaenda, yakarudi matupu, yakaenda tena. Fundi alikuwa akiyafuata kwa masikio huku macho yakiwa kwenye skrini. Kila jibu lililotoka upande wa nje lilikuja na taarifa ndogo mwishoni: jicho la kielektroniki la chumbani linaona mtu, au halioni. Lilikuwa linaona watu. Kisha halikuona. Kisha likaona.

Akamsikia Chuma akimwambia Mlinzi kwa redio, “Limebaki sanduku moja kule kona. Rudi ulilete.”

“Si tumemaliza?”

“Rudi.”

Magurudumu yakarudi ndani. Taarifa ikabadilika. Mtu yumo.

“Dada,” Chuma alisema. “Hamia chaneli ya pili.”

Akahama.

“Kata.”

Alidhani hakusikia vizuri. “Kuna mtu ndani, kaka. Shemeji yumo ndani.”

“Najua. Kata.”

“Atafungiwa!”

“Ndiyo. Wakija watamkuta mlinzi wao kati ya milango miwili. Watakuwa na mtu wa kumshika. Wakiwa na mtu wa kumshika hawakimbilii barabarani.”

“Atatutaja.”

“Atataja kesho. Kesho hatupo.”

Nyuma ya sauti ya Chuma alimsikia Taratibu: “We, si tulikubaliana wote wanne?” na Chuma akimjibu, “Shika usukani.”

“Sikati,” alisema Fundi. “Yule ni mtoto wa mama mkwe wangu. Ameshazika mmoja. Nitarudi kwake nimwambie nini?”

Kisha Chuma akaongea polepole, kwa ile sauti aliyokuwa akimbembelezea zamani alipougua.

“Dada, uliwahi kumjua yule shahidi?”

“Shahidi gani?”

“Wa mumeo. Aliyesema alikuwa amelewa.”

Fundi aliibana redio sikioni.

“Aliniambia mwenyewe, pale gereji, mwezi uliopita, analia kama mtoto. Nilikuficha kwa sababu tulimhitaji. Sasa hatumhitaji. Muulize.”

Mkono wake ulihama chaneli wenyewe. Ya kwanza.

“Shemeji.”

“Naam, shemeji. Hili sanduku silioni, hapa kona pako wazi.”

“Nani alisema mume wangu alikuwa mlevi?”

Magurudumu yaliacha kusogea. Kwa muda ikasikika kantini tu, mtu akigonga kikombe kwa kijiko.

“Shemeji, nakuuliza.”

“Walikuwa wameshaandika,” alisema Mlinzi. Sauti ilikuwa chini mno. “Waliniita usiku uleule. Wakasema ama niseme hivyo, ama niondoke kazini. Mama alikuwa hospitali. Nikajiambia, kaka amekufa, neno halimwumizi.”

“Linatuumiza sisi.”

“Najua.”

“Umekula kwangu. Kila Jumapili umekaa kwenye kiti chake ukala kwangu.”

“Najua, shemeji.”

Alishika koleo. Macho yalijaa maji na vumbi, hakuona utepe wala ile B iliyolala. Akakata.

Mlango wa nje ukashuka kwa kishindo kilichotikisa dari. King’ora kikapasua mchana.

BAADA YA KING’ORA

“Nimekata,” alisema kwenye chaneli ya pili. “Nashuka. Nisubirini kwenye tangi la maji, tulivyopanga.”

Injini ya gari ilinguruma uani.

“Kaka? Nashuka sasa hivi.”

Akasikia matairi yakikwaruza zege. Akasikia sauti ya Taratibu, imepanda juu kwa hofu: “Dada yako je? Chuma, dada yako!” Kisha redio ikazimwa. Kukabaki mkwaruzo. Lango la ua likavunjwa kwa kishindo, na mngurumo wa gari ukapungua, ukapungua, mpaka ukamezwa na king’ora.

Fundi alibaki amelala kifudifudi, redio sikioni, kama mtu aliyekatiwa simu na bado anasubiri. Ndipo alipoelewa. Kaka yake alihitaji mtu mmoja kati ya milango na mwingine juu ya dari.

Chini watu walikuwa wakikimbia. Mtu alipiga kelele kwamba wote wakusanyike uwanja wa mbele.

“Shemeji.” Redio, chaneli ya kwanza. “Uko hapo?”

Aliishusha redio, akaiweka mbele yake.

“Najua uko hapo. Sikia. Watu wanatoka wote kwenda mbele. Una ovaroli, una kofia. Teremka, changanyika nao, pita getini. Mimi sitakutaja.”

“Ulimtaja ndugu yako wa damu.”

“Ndiyo.” Akavuta pumzi. “Ndiyo maana sitakutaja wewe.”

Fundi aliangalia kigae alichopitia. Kilikuwa wazi, hatua chache tu za kutambaa, mwanga wa korido ukipanda kupitia hapo. Angeweza. Kofia usoni, kichwa chini, mwanamke mmoja kati ya wafanyakazi mia. Angefika nyumbani kabla ya jioni, na mama mkwe angemuuliza, umemwona mdogo wako leo?

“Kuna mtu kule nje?” aliuliza.

“Sisikii kitu. Huku ni kuta za chuma tu.”

“Nakufungulia.”

“Usifanye hivyo. Ondoka.”

“Nyamaza, shemeji.”

Alichuna waya kwa meno. A kwa A. B kwa B, akasokota, akabana kwa mkono kwa kuwa hapakuwa na muda wa kitu kingine. Kidhibiti cha ndani kikauliza. Umefungwa? Cha nje kikajibu. Vikawa vinaongea tena, kama watu waliogombana na kupatana bila kuelezana kitu. King’ora kikakatika. Akabonyeza amri ileile ya mwanzo.

Mlango wa nje ukaanza kupanda.

“Kimbia! Pita lango lilipovunjwa! Kimbia!”

Sasa king’ora kilikuwa kimya, ndipo alipoweza kusikia. Viatu vizito uani. Vingi. Mtu akitoa amri kwa kufoka, “Kaeni sawa, unafunguka!”

Walinzi wa akiba walikuwa wameshafika. Walikuwa wamejipanga mbele ya mlango uliofungwa, bila haraka, wakisubiri polisi waje na mtu wa kuufungua. Mlango ungebaki chini, wangesubiri. Wangemtoa jioni, amefungwa pingu, mzima.

“Rudi!” Fundi alipiga kelele. “Rudi ndani, lala chini! Tupa hiyo redio!”

Mlinzi hakuitupa. Alikuwa ameiinua mdomoni, anataka kusema neno.

“Ana silaha!” mtu alipaza sauti.

Risasi zilipigwa zote kwa pamoja. Kwenye redio ilikuja pumzi, ndefu, halafu kidole kikaachia kitufe.

Hakutambaa kwenda popote. Walipomfikia walimkuta amelala juu ya boriti, mikono yote miwili imeukumbatia waya, akisema maneno ambayo aliyemvuta miguu hakuyaelewa.

IJUMAA, JIONI

Mpelelezi alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kikohozi. Alimwekea maji. Fundi hakuyagusa.

“Nani aliufungua mlango mara ya kwanza, mama?”

“Mimi.”

“Nani aliufunga?”

“Mimi.”

“Mwenzenu akiwa ndani?”

“Akiwa ndani. Nilijua yumo.”

Mpelelezi aliandika, akasita, akainua macho. “Na nani aliufungua mara ya pili?”

Alitaka kusema mimi. Alitikisa kichwa tu, na mpelelezi akangoja, naye akakusanya nguvu.

“Mimi,” alisema. “Wote watatu ni mimi.”

Nje ya dirisha mwanamke alikuwa akilia. Si mama mkwe wake. Mama mkwe alikuwa bado hajaambiwa. Walikuwa wanamtafuta mtu wa familia wa kumpelekea habari, na mtu wa familia alikuwa amekaa hapa, pingu mikononi.

“Wenzako wamekwenda na dhahabu yote,” alisema mpelelezi. “Hata mmoja hajageuka nyuma. Mimi nimefanya kazi hii muda mrefu, nimeona watu wakiwalinda waliowaacha. Sikulaumu. Lakini nitakuuliza mara moja. Mwenye mpango ni nani?”

Fundi aliangalia mikono yake. Kwenye kucha kulikuwa bado na vumbi la dari.

Alitaja majina yote matatu ya kaka yake, lake, la baba na la babu, polepole, ili yasikosewe. Akataja gari. Akataja nyumba ya rafiki wa zamani wa Chuma, kabla ya mpaka, na njia ya vumbi anayopenda kupita kwa sababu haina kizuizi, na mlango wa uani anaolala karibu nao kila anapokuwa na hofu. Mpelelezi aliandika haraka, kisha akatoka mlangoni, akamwita askari, akampa karatasi, askari akaondoka mbio.

Akarudi, akakaa.

“Huyu mtu,” aliuliza, “ni nani wako?”

“Tumbo moja,” alisema Fundi. “Andika.”